Wasomaji Wanauliza: Lupita Nyong'o, Mwana wa Jukwaa

Barua kuhusu mwigizaji Lupita Nyong'o zimekuwa zikitufikia kutoka pande nyingi, na karibu zote zimebeba dhana moja ambayo ukurasa huu ungependa kuisahihisha: kwamba dada huyu ni zao la filamu moja na usiku mmoja wa tuzo. Tumechagua barua nane. Majibu yetu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na ni mwanachama wa kikundi cha maigizo cha shule yetu. Wenzangu wanashikilia kwamba Lupita aliokotwa na bahati tu, na kwamba hakuwahi kuigiza popote kabla ya 12 Years a Slave, filamu iliyompa Oscar. Je, ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waambie wenzako kwamba si kweli hata kidogo. Lupita alipanda jukwaa la watu wazima akiwa na umri wa miaka 14, alipopewa nafasi ya Juliet katika mchezo wa Shakespeare, Romeo and Juliet, ulioandaliwa na kikundi cha Phoenix Players jijini Nairobi. Wasomaji wa makamo walioishi Nairobi wanakikumbuka kikundi hicho, pamoja na ukumbi wake mdogo katika jengo la Professional Centre, Barabara ya Bunge, ambako watu walikata tiketi na kukaa karibu kabisa na waigizaji. Katika ukumbi wa namna hiyo hakuna mtu wa kukuambia urudie. Ukisahau maneno, umeyasahau mbele ya macho ya watu, na ni juu yako kujinasua. Msichana aliyepitia tanuri hilo angali mdogo, kisha akacheza pia katika vichekesho vya kikundi hicho hicho, hawezi kuitwa mtu wa kuokotwa.

Baada ya masomo yake katika shule ya St. Mary's, Nairobi, alikwenda Chuo cha Hampshire katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akasomea filamu na maigizo. Kipindi kilichofuata husahaulika sana, nami nakiona kuwa na mafunzo makubwa kwa kijana kama wewe: alifanya kazi nyuma ya kamera. Alikuwa mmoja wa wafanyakazi wa utayarishaji katika The Constant Gardener, filamu iliyopigwa nchini Kenya na kutoka mwaka 2005, kisha katika The Namesake ya mwongozaji Mira Nair. Ni katika ile ya kwanza ndipo alipomweleza mwigizaji Ralph Fiennes kwamba naye anatamani kuigiza, na Fiennes akamshauri asiingie katika kazi hii isipokuwa kama anahisi hawezi kuishi bila hiyo. Lupita amesimulia kwamba hilo silo jibu alilotarajia kulisikia, lakini ndilo lililomfaa.

Mwaka 2009 alionekana katika tamthilia ya televisheni iitwayo Shuga, iliyopigwa Nairobi ili kuwazindua vijana kuhusu virusi vya UKIMWI. Mwaka huo huo ilitoka filamu yake ya hali halisi, In My Genes, aliyoiandika, kuiongoza na kuitayarisha mwenyewe, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Kumbuka kwamba hiyo ndiyo miaka ambayo habari za kuuawa kwa ndugu zetu wenye ualbino hapa Tanzania zilikuwa zikitutia simanzi na aibu, na binti wa miaka ishirini na kitu aliamua kuwapa nafasi ya kujieleza kwa vinywa vyao wenyewe. Siwezi kuipita kazi hiyo kimyakimya.

Hapo ndipo alipoingia Shule ya Maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, akasoma miaka mitatu na kuhitimu shahada ya uzamili mwaka 2012. Akiwa Yale alicheza katika The Winter's Tale na The Taming of the Shrew za Shakespeare, na katika Uncle Vanya ya Mrusi Chekhov. Ukihesabu kutoka Juliet wa Nairobi hadi usiku wa Oscar mwaka 2014, utapata miaka ipatayo 17 ya kujifunza. Basi fanyeni mazoezi yenu ya Ijumaa bila kukata tamaa, na msiupuuze mchezo wowote kwa sababu tu watazamaji wake ni wachache.

SWALI: Mhariri, naomba utuamulie ubishi wa kijiweni. Lupita ni Mkenya au ni Mmexico? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Ni vyote viwili, na mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hakubali kulazimishwa kuchagua. Alizaliwa jijini Mexico City tarehe 1 Machi 1983, wakati baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha sayansi ya siasa huko. Familia ilirejea Kenya kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, na baba huyo ndiye aliyekuja kuwa seneta, kisha gavana wa Kisumu. Wazazi walimpa jina la nchi alikozaliwa, kwani Lupita ni ufupisho wa Guadalupe, na alipofikia umri wa miaka 16 walimrudisha Mexico kwa miezi saba, katika mji wa Taxco, ajifunze Kihispania.

Kihispania hicho hakikuozea mdomoni. Mwaka 2021, The Public Theater ya New York ilitayarisha mchezo wa kusikiliza uitwao Romeo y Julieta, uliochanganya Kihispania na Kiingereza, na aliyecheza Julieta ni Lupita. Msichana yule yule wa Barabara ya Bunge alimrudia Juliet wake akiwa mtu mzima, kwa lugha ya nchi alikozaliwa.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimeitazama 12 Years a Slave mara mbili. Nilitokwa na machozi, lakini nikajiuliza: huyu Patsey anayechezwa na Lupita haonekani kwa muda mrefu, na filamu si yake. Ni nini hasa alichokifanya Lupita hadi akapewa tuzo kubwa namna ile? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Swali lako ni la mtu anayetazama kwa makini. Tuzo aliyopewa ni ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, na tuzo hiyo haipimi dakika ambazo mtu ameonekana, bali uzito wa kile anachokileta katika dakika hizo. Filamu hiyo ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen, inatokana na kitabu cha Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyekuwa huru lakini akatekwa na kuuzwa utumwani Louisiana, naye akachapisha kisa chake mwaka 1853. Patsey ni mtu aliyeishi kweli. Katika filamu tunaambiwa kwamba huchuma zaidi ya ratili 500 za pamba kwa siku, ambazo ni zaidi ya kilo 225, kuliko mwanamume yeyote shambani. Bwana wake humtumia apendavyo usiku, na bibi wa nyumba humtesa mchana kwa wivu.

Ukiitazama mara ya tatu, tazama mikono yake. Katika onyesho moja Patsey ameketi kondeni akisuka vidoli kwa maganda ya mahindi, akiimba kwa sauti ya chini, na vidole vyake vinakwenda kwa wepesi wa mtoto. Hasemi lolote kuhusu mateso yake. Lakini mtazamaji anang'amua, na roho inamuuma, kwamba huyu bado ni binti mdogo aliyenyimwa utoto, na kwamba vidoli hivyo ndivyo kitu pekee alichojitengenezea mwenyewe duniani. Kisha lije lile onyesho la sabuni. Bibi wa nyumba amemnyima sabuni; Patsey anakwenda shamba la jirani kuomba, na anaporudi bwana wake anamtuhumu kwa mengine. Anaufungua mkono wake na kuonyesha kipande cha sabuni kiganjani, na anasema kwamba ananuka kiasi cha kujitapisha mwenyewe, ilhali ndiye anayechuma pamba kuliko wote. Lupita hayasemi maneno hayo kama mtu anayeomba huruma. Anayasema kama mtu anayedai haki yake, huku akijua fika kitakachomfuata.

Kinachofuata ni kipigo, na McQueen alikipiga katika picha ndefu isiyokatwa. Waigizaji wengi wa filamu wamezoea kulia kwa vipande: kamera inasimama, wanapumzika, wanapakwa machozi upya. Pale haikuwezekana. Ilimbidi ayabebe maumivu kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kupumua pembeni, kama anavyofanya mwigizaji wa jukwaani, na kwa maoni yangu hapo ndipo miaka ya Nairobi na Yale ilipolipa. Hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza; aliipata akiwa anamaliza masomo, baada ya waongozaji kuwasaili wasichana zaidi ya elfu moja.

Tuzo alikabidhiwa tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31. Katika hotuba yake alikiri kwamba furaha kubwa aliyo nayo imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, akamkumbuka Patsey na kumshukuru Solomon kwa kukisimulia kisa chake. Watu wanayakumbuka zaidi maneno ya mwisho ya hotuba ile, yale aliyowaambia watoto kwamba popote walikotoka, ndoto zao ni halali. Mimi nayaenzi zaidi yale ya mwanzo, kwa sababu ni wachache wanaopewa sanamu ya dhahabu wakakumbuka kwanza jina la mtumwa.

SWALI: Assalaam alaykum. Nafundisha fasihi katika shule ya upili, na wanafunzi wangu wameniuliza swali lililonishinda. Kwa nini mtu aliyeshinda Oscar alirudi kucheza kwenye ukumbi wa maigizo, mahali ambapo watazamaji ni wachache na malipo ni madogo? Je, hakupata kazi Hollywood? – Mwalimu, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu. Kazi zilikuwapo, lakini tuseme wazi zilikuwa za namna gani. Lupita amesimulia hadharani kwamba baada ya Oscar alitarajia kuletewa nafasi za kuongoza filamu, na badala yake alipewa nafasi nyingine za kucheza mtumwa, ikiwemo moja ambapo angekuwa mtumwa ndani ya merikebu. Alizikataa, akijua kwamba kukataa kunaweza kumgharimu. Katika miaka miwili iliyofuata utamwona kwa muda mfupi tu katika Non-Stop, kisha hutauona uso wake kabisa: katika filamu ya Star Wars ya mwaka 2015 alikuwa Maz Kanata, kiumbe kizee aliyechorwa na kompyuta juu ya mienendo ya mwili wake, na katika The Jungle Book ya mwaka 2016 alikuwa sauti ya mbwa mwitu jike, Raksha. Wapo waliosema nyota yake imefifia.

Wakati huo huo alikuwa akicheza Eclipsed, na hapo ndipo ningependa wanafunzi wako watulie. Mchezo huo uliandikwa na Danai Gurira, binti wa wazazi wa Zimbabwe, ambaye wengi tunamfahamu kama jemadari Okoye wa Wakanda katika filamu ya Black Panther. Unasimulia habari za wanawake wa Liberia mwaka 2003, katika vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe, waliotekwa na kufanywa wake wa kamanda mmoja wa waasi. Kamanda mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja. Wake zake wanaitana kwa namba, yaani Mke wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, kwa kuwa majina yao yamezikwa pamoja na maisha yao ya awali. Lupita alicheza Msichana, binti wa miaka 15 anayejua kusoma, ambaye mwishowe anashika bunduki akidhani silaha itamwokoa asiguswe na wanaume, kumbe imemwingiza katika dhambi nyingine.

Mchezo huu aliufahamu zamani. Mwaka 2009, akiwa mwanafunzi mgeni Yale, ulipoonyeshwa katika ukumbi wa chuo hicho, alikuwa mwigizaji wa akiba wa nafasi ya Msichana: aliyahifadhi maneno yote, akahudhuria, akangoja. Alipokuwa na jina la kutosha kuchagua kazi aitakayo, aliuchagua huo. Ulifunguliwa The Public Theater mwaka 2015, ukahamia Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York, katika ukumbi wa John Golden mwaka 2016, ukiwa mchezo wa kwanza wa Broadway ambao mwandishi wake, mwongozaji wake Liesl Tommy na waigizaji wake wote ni wanawake weusi. Uliteuliwa kuwania tuzo sita za Tony, ambazo ni tuzo za michezo ya Broadway, mojawapo ikiwa ya Lupita kama mwigizaji bora wa kike, na ukashinda ya mavazi. Lupita aliandika wakati huo kwamba waandishi wa habari hawakukoma kumuuliza swali lile lile la wanafunzi wako: inakuwaje nyota mkubwa acheze mchezo mdogo? Alishangazwa na kipimo kilichotumika. Masaibu ya wanawake watano wa Kiafrika, yakiwekwa mbele ya watu bila mwanamume hata mmoja wa kuyatafsiri, yana udogo gani?

Kuna jambo la ufundi pia, mwalimu, na hili unaweza kulitumia darasani. Katika filamu, mwigizaji hutoa malighafi tu. Mhariri wa picha huamua uso upi ubaki na upi utupwe, na mara nyingi onyesho la mwisho hupigwa kabla ya lile la kwanza. Jukwaani, mwigizaji humchukua mhusika mkononi tangu pazia linapofunguka hadi linapofungwa, na huirudia safari hiyo kesho yake, na keshokutwa, mara nane kwa juma kama ilivyo desturi ya Broadway. Msichana wa Eclipsed huanza akiwa amejificha chini ya karai kubwa la kufulia na huishia akiwa na bunduki mkononi. Mabadiliko hayo, yakichezwa kwa mfululizo mbele ya watu walio hai, humnoa mwigizaji kuliko kamera yoyote iwezavyo. Narudia nilichokiamini siku zote kuhusu msanii huyu: nyumbani kwake ni jukwaani, na skrini ni mahali anapokwenda kikazi.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wanne na naishi si mbali na Katwe. Nilifurahi kuona mtaa wetu katika filamu, lakini jirani yangu anasema ile ilipigwa Marekani na yule mama hakuwa Mganda. Ukweli ni upi? – Msomaji, Kampala

JIBU: Mama, jirani yako amepatia nusu. Lupita si Mganda, lakini Queen of Katwe ya mwaka 2016 ilipigwa Kampala kwenyewe, Katwe ikiwemo, na sehemu nyingine Johannesburg, Afrika Kusini. Mwongozaji ni yule yule Mira Nair ambaye Lupita aliwahi kumfanyia kazi nyuma ya kamera, na Nair mwenyewe ana makazi Kampala kwa miaka mingi. Kisa ni cha kweli: Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyejifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende hadi akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia. Phiona alichezwa na Madina Nalwanga, binti wa Kampala, na Katende alichezwa na David Oyelowo.

Lupita alikuwa Nakku Harriet, mama yake Phiona, mjane anayeuza mahindi na kufukuzwa nyumbani kwa kushindwa kulipa kodi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu tu, umri ambao waigizaji wengi wa kike huogopa kucheza mama wa binti aliyevunja ungo, kwa hofu kwamba hawataitwa tena kuwa wapenzi wa mashujaa. Tazama anavyotembea katika filamu ile: shingo imenyooka, hatua za haraka, jicho halimwachi mtoto. Harriet hawaogopi watu wa Katwe. Anaiogopa sataranji, kwa sababu inampa binti yake matumaini ambayo mama hana uwezo wa kuyalipia. Wewe uliyelea wanne utakuwa umeielewa hofu hiyo kabla yetu sote.

SWALI: Mhariri, mimi ni msichana mweusi sana, na tangu utotoni nimetaniwa kwa rangi yangu. Dada yangu ameanza kutumia mkorogo na ananishawishi nami nianze. Nimesikia Lupita alisema jambo kuhusu haya. Alisema nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Mwanangu, alisema mengi, na alianza kwa kukiri kwamba alikuwa kama wewe. Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, alihutubia hafla ya jarida la Essence la Marekani akasoma barua ya msichana aliyemwandikia kwamba alikuwa karibu kununua dawa ya kujichubua, lakini akaghairi baada ya kumwona Lupita akishangiliwa. Ndipo Lupita akasimulia kwamba yeye pia, akiwa mtoto, alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe, na kila asubuhi alikimbilia kioo na kukuta rangi ni ile ile. Kilichomgeuza ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi tititi kutoka Sudan Kusini, akisifiwa duniani kote. Mama yake naye alimwambia kwamba uzuri hauliwi, na kwamba kinachomtegemeza mtu ni huruma aliyo nayo kwake na kwa wengine.

Mwaka 2019 aliyageuza hayo kuwa kitabu cha watoto, Sulwe, chenye michoro ya Vashti Harrison, kuhusu msichana mwenye rangi ya usiku wa manane. Na jarida moja la Uingereza lilipoifuta sehemu ya nywele zake katika picha ya jalada mwaka 2017, hakunyamaza. Alilalamika hadharani na kupewa pole. Mkorogo una sumu ambazo daktari wa ngozi atakueleza kuliko mimi, kwa hiyo mpelekeni dada yako akamwone, na wewe usianze.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Malindi ninayeishi Toronto. Rafiki yangu aliniambia kwamba Lupita alizungumza Kiswahili ndani ya mchezo wa Shakespeare mjini New York, nami sikuamini. – Msomaji, Toronto

JIBU: Amini, ndugu yetu. Agosti 2025 ukumbi wa Delacorte, ule wa wazi ulioko ndani ya bustani ya Central Park, ulifunguliwa upya baada ya matengenezo makubwa, na mchezo uliochaguliwa kuufungua ni Twelfth Night. Lupita alikuwa Viola, msichana aliyenusurika merikebu ilipozama na kujikuta nchi ngeni, akiamini kwamba pacha wake amekufa maji. Pacha huyo, Sebastian, alichezwa na Junior Nyong'o, ndugu yake wa toka nitoke. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi, ndiye pia aliyeongoza ile Romeo y Julieta niliyoitaja juu. Kwa mikono ya Wakenya watatu, mapacha wa Shakespeare wakawa wageni wanaozungumza Kiswahili baadhi ya nyakati wakiwa katika nchi ya watu.

Sisi tuliosoma tafsiri za Mwalimu Nyerere tumejua tangu miaka ya sitini kwamba Shakespeare husemeka vizuri sana kwa Kiswahili. Lakini huko nyuma tulikuwa tukisomeana wenyewe kwa wenyewe. Pale Delacorte, ambako tiketi hutolewa bure na watu hupanga foleni tangu alfajiri, waliokuwa wakisikiliza ni watu wa New York, na hakuna aliyewaomba radhi kwa kutumia lugha yetu. Onyesho hilo lilirekodiwa na kurushwa na televisheni ya PBS mwezi Novemba 2025, kwa hiyo unaweza kulitafuta ulitazame na wanao.

SWALI: Mhariri, familia yetu hutazama filamu Jumamosi jioni, watoto wakiwa pamoja nasi. Tuanze na ipi ya Lupita? – Msomaji, Unguja

JIBU: Anzeni na The Wild Robot ya mwaka 2024, katuni ambayo Lupita ni sauti ya Roz, roboti aliyepotelea kisiwani akalazimika kumlea kinda wa bata bukini. Msikilize jinsi sauti yake inavyoanza ikiwa baridi kama ya mashine ya benki, kisha ikapata joto kidogo kidogo hadi mtoto asiyejua Kiingereza akaelewa kwamba roboti amekuwa mama. Queen of Katwe nayo inafaa kwa rika zote. Black Panther ya mwaka 2018, alikocheza jasusi Nakia, ina mapigano mengi, lakini watoto wa miaka kumi na kuendelea wataimudu.

Zile nyingine zitazameni wakubwa watakapokuwa peke yao. Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019, ni filamu ya kutisha ambamo Lupita anacheza watu wawili wanaofanana sura, mama wa familia na kivuli chake kilichotoka chini ya ardhi na mkasi mkononi, na wachambuzi wa filamu wa New York walimtangaza kuwa mwigizaji bora wa kike wa mwaka huo. Kwangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa zaidi katika skrini, kwa maana hata mgongo wa yule kivuli umesimama tofauti. A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024 imejaa ukimya, kwa sababu majitu yaliyoivamia New York huwinda kwa kusikia, na Lupita anacheza mshairi anayeugua saratani akipita mjini na paka wake. Ili aicheze, ilimbidi kwanza aishinde hofu yake ya paka. 12 Years a Slave iacheni hadi watoto wafike sekondari, na siku hiyo kaeni nao, kwa sababu watakuwa na maswali.